Nani atakesha na mbwa mgonjwa? Gharama halisi ya tiba ya dharura kwa wanyama

Taarifa ambazo hospitali za dharura za wanyama huko Marekani na Uingereza huwapelekea wateja wao huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni habari za wafanyakazi: daktari wa upasuaji amejiunga, muuguzi wa zamu ya usiku ameondoka, nafasi kadhaa zinatafuta watu. Ya pili ni ushauri wa afya kwa wenye mbwa na paka. Wasomaji wengi huiruka ile ya kwanza na kukimbilia ushauri. Kwa anayeitazama biashara hiyo kwa jicho la kiuchumi, hata hivyo, habari za wafanyakazi ndizo nzito zaidi, kwa sababu ndizo zinazoeleza kama mlango utakuwa wazi saa nane usiku mnyama atakapougua.

Suala hili linazidi kuwahusu Watanzania. Katika miji kama Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, mbwa wa ulinzi amekuwa mali yenye bei, na pembezoni mwa miji hiyo wapo wanaomtegemea ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa kulipia ada za shule. Mchana, mwenye mnyama mgonjwa anaweza kupata kliniki au bwana mifugo wa kata. Usiku, mara nyingi kilichopo ni namba ya simu ya daktari mmoja, ambaye naye anahitaji kulala.

Swali la msingi basi ni moja: gharama ya mtu anayekesha akisubiri mgonjwa ambaye huenda asije, inalipwa na nani?

Hesabu ya saa 168

Wiki moja ina saa 168. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za kawaida za mfanyakazi nchini hazipaswi kuzidi 45 kwa wiki. Ukigawanya, utaona kuwa kiti kimoja cha daktari kisichokaa wazi hata saa moja kinahitaji karibu watu wanne. Sheria hiyo hiyo inatoa likizo ya mwaka ya siku 28, na ukiongeza sikukuu na siku za kuugua, hesabu inasogea hadi watu watano.

Daktari naye hawezi kufanya kazi peke yake. Mbwa anayetokwa damu anahitaji mtu wa kumshika, mwingine wa kuweka dripu, na wa kumwangalia baada ya upasuaji. Ukiweka msaidizi mmoja tu katika kila zamu, kliniki inahitaji watu kumi kwenye orodha ya mishahara kabla haijanunua hata sindano. Aidha, saa za kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi zina nyongeza ya kisheria isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Daktari aliyejiajiri hana wa kumlinda hivyo. Akikesha na mbwa aliyekula sumu, asubuhi atafungua kliniki akiwa na macho mekundu au ataifunga na kupoteza wateja wa mchana.

Chukua mfano wa kubuni. Tuseme usiku mmoja wa kliniki, yaani mishahara ya zamu, umeme, ulinzi na usafiri, unagharimu shilingi 300,000. Wakija wagonjwa kumi, kila mmoja anabeba shilingi 30,000. Wakija wawili, kila mmoja anabeba 150,000 kabla ya dawa. Asipokuja yeyote, gharama inabaki ile ile na mwenye kliniki anaibeba mwenyewe. Hapo ndipo tiba ya dharura inapotofautiana na biashara ya kuuza dawa. Dawa isiyouzwa leo itauzwa kesho, lakini usiku uliokeshwa bila mgonjwa haurudi.

Ni wazi kuwa huduma ya namna hii inafanana zaidi na kikosi cha zimamoto. Hakuna anayetarajia zimamoto kuishi kwa kutoza nyumba zinazoungua peke yake.

Yaliyowakuta wenye uwezo

Hata nchi tajiri hazijalimaliza tatizo hili. Nchini Uingereza, kanuni za maadili za Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Mifugo, ambacho ndicho msimamizi wa taaluma hiyo, zinamtaka kila daktari anayetibu kuchukua hatua ili huduma ya kwanza ya dharura na ya kupunguza maumivu ipatikane saa 24. Kliniki ndogo ziliona mzigo huo ni mkubwa, na nyingi zimeingia mikataba na watoa huduma wa usiku. Kampuni ya Vets Now, iliyoanza huko Scotland mwaka 2001, ilikua kwa kutumia pengo hilo: kliniki nyingi zikilala, moja inakesha kwa niaba yao.

Huko Marekani, janga la Uviko-19 lilionyesha upande wa pili. Kuanzia mwaka 2020 kliniki zilijaa wagonjwa huku wafanyakazi wakiugua, wakichoka au kuacha kazi. Katika miaka iliyofuata, hospitali kadhaa za dharura zilizozoeleka kuwa wazi usiku na mchana zilipunguza saa au kuwaelekeza wagonjwa kwingine. Dawa na vitanda vilikuwepo. Waliopungua ni madaktari na wauguzi wa kukesha.

Uchovu huo si wa mwili tu. Tafiti za Marekani na Uingereza zimeonyesha kuwa viwango vya kujiua miongoni mwa madaktari wa mifugo viko juu kuliko vya wananchi kwa jumla. Daktari wa dharura humaliza maisha ya wanyama kwa mkono wake, huvumilia hasira za wenye wanyama wasioweza kulipa, kisha huitwa tena kabla hajafumba macho.

Mtaji mkubwa nao umeingia. Kampuni ya Mars, inayojulikana kwa chokoleti, ilinunua mtandao wa hospitali za dharura wa BluePearl mwaka 2015, na mwaka 2017 ikanunua VCA kwa takriban dola bilioni 9.1 za Marekani. Kampuni kubwa zina faida yake: zinaweza kugawana madaktari, kununua mashine ghali na kuvumilia usiku mtupu. Gharama yake inaonekana katika bili. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilieleza kuwa mwaka 2013 makundi makubwa yalimiliki takriban asilimia 10 ya kliniki, na baadaye sehemu hiyo ikafika karibu asilimia 60. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ilianzisha uchunguzi kamili wa soko, na mwaka 2025 ikaeleza kuwa bei za huduma zilipanda kwa asilimia 63 kati ya mwaka 2016 na 2023, kiwango kilichozidi mfumuko wa bei.

Fundisho la huko ni kwamba mtu anayekesha lazima alipwe. Pasipo mpango wa wazi, ama mlango unafungwa, ama bili inamwangukia yule aliyefika usiku huo akiwa hana nafasi ya kuuliza bei kwingine.

Hali ilivyo nchini

Tanzania ilitoka mahali tofauti. Kwa miaka mingi tiba ya mifugo ilikuwa kazi ya serikali. Mageuzi ya kiuchumi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliipunguzia serikali jukumu la tiba ya mnyama mmoja mmoja na kulisogeza kwa sekta binafsi, huku udhibiti wa magonjwa ya mlipuko ukibaki mikononi mwa umma. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ikaweka Baraza la Veterinari la kusajili madaktari na kuwatambua wasaidizi wao.

Madaktari wanafundishwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilichoanzishwa rasmi mwaka 1984. Wasaidizi wanatoka katika vyuo vya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, vyenye kampasi kama Tengeru, Mpwapwa na Buhuri. Hata hivyo, soko la usiku halijengwi na shahada peke yake. Kijana aliyemaliza Morogoro anaweza kuuza dawa, kufanya kazi ya mradi au kuajiriwa na halmashauri, na kazi hizo zote zinamruhusu kulala nyumbani. Asipoona malipo ya uhakika, hatafungua kliniki ya usiku kwa mapenzi ya wanyama.

Pengo hilo linazibwa na maduka ya dawa za mifugo. Mwenye mbwa anaeleza dalili kaunta, anapewa sindano ya antibayotiki, na mtu wa jirani anaichoma. Wakati mwingine mnyama anapona. Wakati mwingine ugonjwa ni wa virusi, ambao antibayotiki haiuponyi, na fedha ya daktari imekwisha kabla daktari hajapigiwa simu. Matumizi hayo ya kubahatisha pia yanachangia usugu wa vijidudu, na vijidudu sugu havitofautishi mnyama na binadamu.

Saa ya kwanza iko mikononi mwa mwenye mnyama

Pale ambapo daktari yuko mbali, uamuzi wa mwenye mnyama katika saa ya kwanza una thamani kuliko dawa itakayofuata. Ushauri ambao hospitali za dharura huutoa unaweza kufuatwa hapa bila mashine yoyote.

Kwanza ni kujua hali ya kawaida. Joto la mbwa mwenye afya ni takriban nyuzi 38.3 hadi 39.2. Ufizi wake kwa kawaida ni wa waridi, na ukiubonyeza kwa kidole rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Wapo mbwa wenye ufizi mweusi kwa asili, na hao huangaliwa sehemu ya ndani ya kope la chini. Ufizi ukiwa mweupe, wa bluu au wa njano, hiyo si hali ya kusubiri asubuhi. Kwa mbwa wa mazingira yetu, kulegea, homa, ufizi kupauka na mkojo wa rangi ya kahawa ni dalili zinazoweza kutokana na magonjwa ya kupe.

Pili, dawa za binadamu zisitumike kwa kukisia. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka. Aibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuharibu tumbo na figo za mbwa.

Tatu ni sumu. Mnyama aliyepata viuatilifu vya shambani au dawa ya kuogeshea mifugo anaweza kutoa mate mengi, kutetemeka na kupumua kwa shida. Dawa ikiwa imemgusa ngozi, aoshwe kwa maji mengi na sabuni na mtu aliyevaa glavu, kisha apelekwe kwa daktari pamoja na chupa au lebo ya dawa hiyo. Asilazimishwe kutapika kama amekunywa mafuta ya taa au tindikali, au kama amelegea. Baadhi ya sumu za panya huanza kuonyesha kutokwa damu baada ya siku kadhaa, hivyo mbwa aliyeila na bado anacheza asihesabiwe kuwa amepona.

Nne, zipo dalili ambazo saa chache huamua uhai. Paka dume anayekwenda kukojoa mara kwa mara bila mkojo kutoka huenda ameziba njia. Mbwa mkubwa ambaye tumbo limevimba ghafla na anajaribu kutapika bila kitu kutoka anaweza kuwa tumbo limejisokota. Mbwa jike anayesukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka anahitaji msaada. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu huenda ana ugonjwa wa parvo. Anahitaji dripu mapema na kutengwa na wenzake.

Tano, mbwa aliyetemewa sumu ya macho na swila aoshwe macho mara moja kwa maji safi mengi. Aliyezidiwa na joto ahamishiwe kivulini, amwagiwe maji ya kawaida na kupepewa wakati usafiri unatafutwa.

Kwa mfugaji wa maziwa, ng'ombe aliyeanguka muda mfupi baada ya kuzaa asiachwe alale akidhaniwa amechoka. Huenda ni homa ya maziwa, yaani upungufu wa kalsiamu katika damu, ambao daktari akifika mapema huutibu vizuri na akichelewa ng'ombe hufa.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na hesabu inawaunga mkono. Chanjo ya parvo huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Mbwa aliyekamilisha ratiba hiyo ni mgonjwa mmoja pungufu usiku, na ni usingizi wa daktari mmoja uliookolewa.

Dharura ya mnyama inapokuwa ya binadamu

Wapo watakaouliza, na wana haki, kwa nini taifa lizungumzie zamu ya usiku ya mbwa wakati zahanati za binadamu nazo zina upungufu wa wahudumu. Jibu ni kwamba fedha ya umma haipaswi kulipia mguu uliovunjika wa mbwa wa mtu binafsi. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ni jambo jingine kabisa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wakiwa Afrika na Asia. Takriban wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu hana njia ya kupona. Aliyeng'atwa anatakiwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Mbwa akiwa hai na anaweza kudhibitiwa, aangaliwe kwa siku 10 chini ya usimamizi wa mtaalamu. Kumuua na kumtupa kunapoteza ushahidi ambao daktari wa binadamu anauhitaji.

Kinga yake inajulikana. Kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo hukata mnyororo wa maambukizi. Kisiwani Pemba, ugonjwa uliingia tena mwaka 2016 baada ya kuwa umetoweka, na kampeni za chanjo ya mbwa zikauondoa kufikia mwaka 2018. Kilichofanya kazi pale ni chanjo iliyofika kila shehia, pamoja na watu wa kufuatilia kila aliyeng'atwa. Hapa pia watu ndio waliokuwa nguzo.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza haihitaji jengo jipya. Kliniki saba za mji mmoja zikikubaliana, kila moja inakesha usiku mmoja kwa wiki na sita zinalala. Kikwazo ni hofu ya kuporwa wateja, nacho kinatatuliwa kwa makubaliano ya maandishi kwamba mgonjwa wa usiku anarudishwa asubuhi kwa daktari wake pamoja na karatasi ya matibabu. Baraza la Veterinari na chama cha kitaaluma cha madaktari wa mifugo wanaweza kuandaa mfano wa mkataba huo.

Pili, malipo yagawanywe kabla ya ugonjwa. Kwa kutumia mfano ule ule wa kubuni, usiku 30 wa shilingi 300,000 ni shilingi milioni 9 kwa mwezi. Kaya 3,000 zenye mbwa au ng'ombe, kila moja ikichangia shilingi 3,000 kwa mwezi, zinamlipa mkeshaji hata usiku ambao hakuna mgonjwa. Kinachobaki kwa mwenye mnyama ni gharama ya dawa na kazi iliyofanyika. Vyama vya ushirika wa maziwa, kama vilivyopo Tanga, vina nafasi nzuri ya kuanza kwa kuwa vinaweza kukata mchango katika fedha za maziwa. Kwa wenye mbwa, mchango unaweza kuambatanishwa na kadi ya chanjo, ili asiyechanja asifaidi zamu inayolipwa na waliochanja.

Tatu, wasaidizi watumike ipasavyo. Simu nyingi za usiku hazihitaji daktari aondoke kitandani. Msaidizi aliyefunzwa LITA, akiwa na orodha ya maswali na daktari wa kumuuliza, anaweza kutenganisha mbwa aliyekula takataka na mbwa aliyejisokota tumbo. Simu hiyo inapaswa kuwa na malipo, japo madogo, kwani ushauri wa bure wa saa tisa usiku ndio unaomfanya daktari azime simu.

Nne, bei zibandikwe ukutani. Mwenye mnyama anayejua mapema gharama ya kumwona daktari usiku, ya dripu na ya upasuaji huamua bila ugomvi, na daktari anaepushwa na maneno makali. Soko la Uingereza limechunguzwa kwa sababu, miongoni mwa mengine, wateja hawakuwa na taarifa za kutosha kulinganisha bei.

Mipango hii ina mipaka yake. Katika wilaya za wafugaji wa kuhamahama, ambako kliniki iliyo karibu inaweza kuwa mwendo wa siku nzima, zamu ya mjini haitasaidia, na huko chanjo na msaidizi wa mifugo anayeishi na wafugaji vitabaki kuwa jibu. Mijini na katika maeneo ya maziwa, hata hivyo, wateja wapo, madaktari wapo na simu zipo. Kinachokosekana ni makubaliano ya nani analala na nani anakesha, na kwa malipo gani. Mji utakaoanza unaweza kuanza na karatasi moja iliyobandikwa kwenye milango ya kliniki zote saba, ikiwa na jina na namba ya daktari wa zamu ya usiku huo.